Bullet ya zamani: nataka gia ije mguu wa kushoto na breki iende kulia, nianzie wapi?

Mrithi_wa_Bullet

Wakuu habari zenu. Naombeni msaada kwa mnaozijua pikipiki za zamani. Mzee wangu amenikabidhi Royal Enfield Bullet 350 yake, ile ya gia nne, gia iko mguu wa kulia na breki ya nyuma iko mguu wa kushoto. Yeye magoti hayamruhusu tena kupiga kiki ila anapenda kuisikia ikitembea kuliko kuiona imefunikwa turubai. Injini nzima kabisa, nimebadilisha oili na pleti za klachi, inawaka kiki ya pili au ya tatu.

Shida ni miguu yangu. Kila siku naendesha pikipiki ya kisasa, gia kushoto, moja chini zingine juu, huu mwaka wa kumi na moja. Nikipanda Bullet dakika za mwanzo naenda vizuri kwasababu nawaza kila ninachofanya, nikishazoea mwendo ndo hatari inaanza. Wiki iliyopita gari dogo lilichomoka pembeni, mguu wangu wa kulia ukashuka wenyewe kukanyaga breki, kumbe nimekanyaga gia, nilikua namba mbili ikaingia tatu na pikipiki inaendelea tu kwenda. Breki ya mkono ndo imeniokoa, nimesimama karibu kabisa na mlango wa lile gari nikiwa natetemeka. Mzee sijamwambia.

Sasa nataka kuhamisha. Naweza bila kukata fremu? Shafti moja ya kupita chini toka kulia kwenda kushoto inatosha? Na breki je, maana kuna fundi kaniambia tuhamishe gia tu, breki ibaki hukohuko kushoto nitazoea. Sitaki kuharibu pikipiki ya mzee lakini pia sitaki kufa nayo.

Fundi_Spana17

Mkuu pole sana, na shukuru Mungu. La kwanza kabisa, hilo la gia kuhama na breki kubaki kushoto usikubali hata kidogo. Mguu mmoja utakua na kazi zote mbili na wa kulia hauna kitu, siku ya dharura mguu wa kulia utakanyaga hewa.

Inawezekana bila kukata fremu. Ila kabla hujashika spana elewa kwamba kubadili UPANDE na kubadili MPANGILIO wa gia ni kazi mbili tofauti, wengi wanafanya ya kwanza hiyo ya pili wanakuja kuigundua barabarani. Bullet ya gia nne namba moja iko juu, mbili tatu nne unakanyaga chini. Pikipiki yako ya kila siku ni kinyume chake. Ukipitisha shafti iliyonyooka toka kulia hadi kushoto na pedali ikatazama mbele kama ilivyokua, shafti inazunguka vilevile, kwahiyo gia umeileta kushoto lakini namba moja bado iko juu. Yani ukitaka kupunguza gia unakanyaga chini kama ulivyozoea, yenyewe inapanda. Hapo hujatibu ugonjwa.

Dawa yake ni hii. Shafti mpya ya kuvuka usiiunge moja kwa moja kwenye shafti ya gia boksi, iweke nyuma yake kidogo, kila moja iwe na mkono mfupi (kipande cha chuma kinachochomoza toka kwenye shafti), halafu unganisha mikono hiyo kwa rodi. Mikono yote ikitazama juu (au yote chini) mzunguko unabaki uleule. Mmoja ukitazama juu na mwingine chini, mzunguko unageuka, na hapo ndo namba moja inakuja chini. Kama huamini kata vipande viwili vya kadibodi, vipigilie kwenye ubao kwa misumari, unganisha na waya uone kwa macho yako kabla hujaenda kwa fundi wa kukereza.

Urefu wa mikono uwe sawa. Ule wa gia boksi ukiwa mrefu kuliko mwenzake mguu utasafiri sana mpaka gia iingie, ukiwa mfupi gia inakua nzito na ya kushtukiza. Rodi iwe na bol jointi (kiungo cha mpira wa chuma kinachozunguka kila upande) pande zote, upande mmoja thredi za kulia na mwingine thredi za kushoto, ili uweze kuirefusha na kuifupisha kwa kuizungusha tu bila kufungua kitu. Usikubali tundu la bolti lililotobolewa kwa kukadiria, milimita moja ya kucheza kwenye kila kiungo ukiijumlisha kwenye viungo vinne unapata pedali inayotembea bila kufanya kazi, na gia boksi ya Bullet haipendi kukanyagwa nusunusu, inakuachia nyutro ya uongo, yani inakwama katikati ya gia mbili bila kushika yoyote.

Na usichomelee chochote kwenye shafti ya gia boksi. Tafuta pedali nyingine iliyochakaa, kata ubaki na kichwa chenye meno na bolti yake ya kubana, hicho ndo uchomelee mkono wako. Pedali ya mzee iache salama.

Breki nitaandika baadae, ndo sehemu inayohitaji umakini zaidi.

Chuma_Kikongwe

Mimi nakuja na maoni tofauti, usiiguse. Nina Bullet na nina ya kisasa, naendesha zote. Ninachofanya kabla ya kuwasha nakaa juu ya pikipiki, imezima, nakanyaga breki ya kushoto mara ishirini huku naitaja kwa sauti, "breki, breki", halafu kulia naitaja gia. Kisha naenda sehemu ya wazi isiyo na watu nafanya kusimama kwa ghafla mara kumi kabla sijaingia barabarani. Inachukua robo saa. Mguu unajifunza.

Pia kumbuka Bullet kulia kuna ile pedali ndogo ya kisigino ya kutafutia nyutro, ukiwa gia ya pili, tatu au ya nne unabana klachi unaikanyaga mara moja uko nyutro. Ni kitu kizuri sana kwenye foleni na ukileta breki upande ule unaweza ukakipoteza. Na pikipiki ya zamani ikishabadilishwa hadhi yake inashuka.

Fundi_Spana17

@Chuma_Kikongwe nakuheshimu mkuu na hilo zoezi lako ni zuri, yeyote anayepanda pikipiki asiyoizoea alifanye. Ila mguu unajifunza kwa kurudia, huyu ndugu anarudia kushoto siku sita na kulia siku moja. Kwenye mshtuko mguu unafanya kile kilichorudiwa zaidi.

Tena tatizo hili lina historia. Zamani hapakua na makubaliano, Waingereza wengi waliweka gia kulia, baadhi ya Waitaliano pia, BMW na Wajapani wakaweka kushoto. Marekani ndo ikalazimisha, kuanzia Septemba 1974 pikipiki mpya inayouzwa kule lazima gia iwe mguu wa kushoto na breki ya nyuma kulia, na wakaandika hadi mwelekeo, kunyanyua kidole ni gia kubwa, kukanyaga ni gia ndogo. Soko la Marekani lilikua kubwa kwahiyo viwanda vikafuata. Waingereza wa Norton kwenye Commando 850 Mk III ya 1975 walipitisha shafti ndani ya kava la upande wa klachi mpaka kushoto. Harley-Davidson Sportster kwa 1975 na 1976 walitumia rodi na mikono ya nje kutoka kulia kuja kushoto, mpaka 1977 walipotoa kasha jipya la injini lililotengenezwa kwa gia ya kushoto tangu mwanzo. Kwahiyo anachotaka kufanya huyu ndugu hata kiwanda kilishawahi kukifanya.

Haya breki. Kwenye Bullet drumu la breki ya nyuma liko kushoto na rodi inatoka kwenye pedali moja kwa moja. Pedali ikienda kulia lazima uwe na shafti ya pili ya kuvuka, pedali kulia, kushoto mkono unaovuta rodi ileile ya zamani. Mkono huo utazame JUU, kwasababu ukikanyaga pedali inayotazama mbele sehemu ya juu ya shafti inakwenda mbele na ndo inavuta rodi. Ukitazama chini utakua unasukuma rodi nyuma na breki haitashika kabisa.

Pima pedali ya zamani. Chukua urefu toka katikati ya tundu la pedali hadi unapokanyagia, halafu urefu toka tundu hilo hadi rodi inaposhika, gawanya. Mfano ukipata 200 kwa 50 uwiano ni 4, basi na mpya iwe 4. Usibuni. Na ukishamaliza, breki ikiwa imeshika kwa nguvu, rodi na mkono wa kwenye drumu viwe karibu nyuzi 90, ukipita hapo unakanyaga sana na unapata kidogo.

Shafti ya breki iwe nene. Inapindwa kila ukikanyaga, ugumu wake wa kujipinda unaenda kwa kipenyo kikizidishwa chenyewe mara nne, maana yake ya milimita 16 ni ngumu mara 3 kuliko ya 12, na ya 20 karibu mara 8. Wengi wanaweka 12 kwasababu ndo chuma kilichopo kwenye kona ya karakana, alafu wanashangaa pedali inakua kama imewekewa sponji.

Dada_wa_Gia

Habari zenu. Nimesoma yote nikaona niandike maana mimi nilifanya kazi hii kwenye Bullet yangu na sababu yangu haikua mazoea, ni kifundo cha mguu wa kulia. Nilivunjika, madaktari wakaunganisha mifupa, sasa mguu unaweza kukanyaga chini ila hauwezi kunyanyua kidole juu. Gia inataka mguu unaokwenda pande mbili, breki inataka kukanyaga tu. Kwahiyo kwangu kuhamisha ndo ilikua njia pekee ya kuendelea kuendesha na sijutii hata siku moja.

Nimwambie mwenye mada makosa yetu asiyarudie. Fundi wangu wa kwanza aliweka shafti ya gia NDANI ya bomba la shafti ya breki, moja ndani ya nyingine, inapendeza sana kwa macho na haichukui nafasi. Msimu wa mvua ulipoingia maji na matope yakaingia katikati, kutu ikaanza, na siku moja nimekanyaga breki nikahisi pedali ya gia chini ya mguu wa kushoto nayo inatembea. Zilikua zimeanza kushikana. Fikiria unafunga breki na gia inajibadilisha yenyewe. Nikatoa kila kitu tukatenganisha, shafti mbili, kila moja na bushi zake (vibomba inamozungukia shafti) za shaba nyeusi, kila bushi na nipeli yake ya kuingizia grisi, na mpira wa kuzuia maji mwisho wa kila bushi. Napiga grisi kila nikibadilisha oili.

Kosa la pili ni hiyo 12 aliyoisema Fundi_Spana17, tulianza nayo kwenye breki tukaishia 20.

La tatu angalia cheni. Kushoto cheni ya chini inapanda na kushuka kadri unavyopita kwenye mashimo, na shafti zako zinapita jirani. Mimi nilipima pikipiki ikiwa imesimama, imekaa stendi ya kati, ilionekana kuna nafasi ya kidole, nilipobeba mtu nyuma cheni ikaanza kulamba braketi. Pima ikiwa na watu wawili juu na cheni ikiwa imelegea kiasi cha mwisho unachoruhusu.

Kulia angalia bomba la moshi na kiki. Pedali ya breki isikae mahali ambapo kiki ikishuka inaigonga, ipige kiki kwa mkono taratibu mpaka chini kabla ya kubana braketi. Kile kipedali cha nyutro changu bado kipo, nimekipata kwa kuinua pedali ya breki kidogo, kisigino kinakifikia.

Mrithi_wa_Bullet

Dada na Fundi Mungu awabariki, na Chuma_Kikongwe asante zoezi lako nimelifanya kila siku wakati nasubiri vyuma. Nimefata shafti mbili, ya gia 16, ya breki 20, braketi zimeshikwa kwenye bolti zilizopo tayari, fremu haina tundu jipya hata moja. Uwiano wa breki nimeupima kwenye pedali ya mzee nikapata 3.8 nikautumia huohuo. Swichi ya taa ya breki nimeihamisha kulia na springi yake, nilikua nimeisahau, nimegundua jioni taa haiwaki.

Breki iko vizuri hata kuliko mwanzo. Gia inapanda safi, moja hadi nne. Shida ni kushuka, nikitoka tatu kwenda mbili mara nyingine inabaki katikati, injini inalia bure. Nimekaza kila kitu, bol jointi ni mpya. Gia boksi ilikua haina shida hii kabla.

Fundi_Spana17

Kama inapanda vizuri na kushuka ndo inagoma basi safari ya pedali haiko sawa pande zote mbili. Ni ama rodi ndefu au fupi mno, mikono haikai vizuri pedali ikiwa imetulia, au pedali inagonga kitu kabla haijafika mwisho. Weka stendi ya kati, mtu azungushe tairi la nyuma kwa mkono, wewe kanyaga gia kwa mkono huku unaangalia chini. Usitumie mguu, mguu hauhisi kitu kidogo.

Dada_wa_Gia

Angalia pia stendi ya pembeni, kushoto kule. Yangu ilinisumbua.

Mrithi_wa_Bullet

Ni stendi! Pedali ikishuka inagusa sikio la stendi ya pembeni kabla gia haijaingia, kuna alama ya rangi imekwanguka ndo imeonyesha. Nimefungua pedali nikaisogeza jino moja juu kwenye shafti, nikarekebisha rodi mizunguko miwili, sasa inaingia zote juu na chini. Nimeenda nayo kilomita 30 bila nyutro ya uongo.

Fundi_Spana17

Safi sana. Ukifika kilomita 50 fungua tena spana, kaza bolti zote za braketi na zile za kubana mikono, chuma kipya kinakaa. Na nati za kwenye rodi ya breki zote ziwe na kotapini (pini ya kuzuia nati isijifungue), zote, hata ile ambayo haionekani.

Jambo jingine. Weka kibandiko kwenye tanki au karibu na mita kwamba gia iko kushoto, moja chini. Mtu anayezijua Bullet akiipanda bila kuambiwa atafanya kosa lilelile ulilolifanya wewe, ila kinyume.

Chuma_Kikongwe

Nimeona picha, kazi nzuri, na hakuna kilichokatwa. Hapo sina neno. Vyuma vya zamani vifunge kwenye kitambaa chenye oili uviweke pamoja, pedali zote mbili na springi zake.

Mrithi_wa_Bullet

Nimekaza leo kilomita 52. Bolti ya mkono wa breki kushoto ilikubali karibu robo mzunguko, zingine zilikua ngumu. Kotapini zote zipo.

Nimemwambia mzee kila kitu hadi la lile gari. Alinyamaza kidogo halafu akaomba akae juu yake ikiwa imezima. Mguu wake wa kulia ulienda moja kwa moja kutafuta gia, ukanyanyuka kuweka namba moja, haukukuta kitu. Akacheka, akasema basi sasa ni ya kwako. Pedali zake nimezifunga kwenye kitambaa cha oili kama Chuma_Kikongwe alivyosema, ameniomba ziwekwe chumbani kwake, zisikae stoo.